Ranthambore: nililipia magofu, nikapelekwa kwenye vichaka

Bado nina hasira, na nisipoyaandika haya sitalala. Ranthambore, ile hifadhi ya chui milia kule Rajasthan, India: msiende kupitia wakala. Au msiende kabisa. Sijui, hebu nisomeni kwanza.

Mdogo wangu anasoma Jaipur. Nilipokwenda kumtembelea, baridi yao ikielekea kuisha, nilimwambia India nzima nataka kitu kimoja tu: Rajbagh, magofu ya jumba kando ya ziwa ndani ya hifadhi hiyo. Mimi ni mtu wa Kilwa, nimekua nikitazama magofu ya Kisiwani kila siku ya Mungu, na tangu nilipoona picha ya chui milia amejilaza kwenye baraza la jumba lililobomoka, ziwa liko mbele yake, roho yangu haikutulia. Machli, yule chui milia jike maarufu aliyekufa 2016, alitamba kwenye maziwa hayohayo. Nilitaka kupaona.

Hifadhi imegawanywa maeneo 10, na Rajbagh iko namba 3. Nikamwambia wakala namba 3, tena kwa lile gari dogo la wazi la watu 6, wenyewe wanaliita jipsi. Akasema hakuna shida. Nikalipa, na bei ya mgeni si bei ya Mhindi hata kidogo.

Alfajiri, baridi inapenya hadi kwenye mifupa, linakuja kenta. Kenta kweli, viti 20, watu wamejaa. Nikaomba karatasi ya kibali. Kijana wa wakala akaninyooshea huku kidole gumba kimekaa palepale penye namba ya eneo. Nikakiondoa kwa mkono wangu. Namba 7. Jina langu sawa, namba ya pasipoti sawa, eneo 7! Kibali hakibadilishwi getini, kwa hiyo walijua tangu siku walipokikata. Nilipomuuliza hakunitazama hata usoni. Akamgeukia mdogo wangu, akasema maneno kwa Kihindi, kenta zima likacheka. Mdogo wangu kimya. Nikambana aseme.

"Dada, anasema chui ni chui, hayo mawe utayaona kwenye simu."

Mawe! Juu ya maziwa hayo kuna ngome ambayo Hammir Dev, mfalme wa pale, alikufa akiipigania mwaka 1301, sultani Alauddin Khalji wa Delhi alipoizingira. Baadaye Akbar, mfalme wa dola ya Mughal, naye akaja kuizingira. UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2013 pamoja na ngome nyingine za milimani za Rajasthan. Halafu mtu anayekula kwa sababu ya mahali hapo anayaita mawe, na kunicheka juu.

Eneo namba 7: vumbi, miba, tausi. Chui hatukumwona, na hilo simlaumu mtu, mnyama hana miadi. Ila kijana yuleyule alisimama mwishoni kudai bahshishi.

Kesho yake tulikodi gari wenyewe tukapanda ngomeni, maana kule huhitaji kibali cha safari. Na hapa ndipo ninaposhindwa kuwaambia msiende. Unapita mageti mazito, kima wenye nyuso nyeusi wamekaa juu ya kuta, mahujaji wanapanda ngazi kwenda hekalu la Ganesh, yule mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo. Watu wa India wakioza mtoto wanamtumia Ganesh wa pale kadi ya mwaliko kwa posta kabisa, na inafika. Ukutani unaona ziwa la Padam lote chini yako, na Jogi Mahal, jumba la zamani la mapumziko, kando ya maji. Nilishikwa na machozi, nasema kweli. Pale ni pazuri kupita picha zote.

Kisha nikaona jipsi zimejipanga ukingoni mwa ziwa, watu wamesimama, kamera zote zimeelekea upande mmoja. Hasira ikanipanda upya.

Kwa hiyo nyota ngapi? Ngome na maziwa, zote tano. Wakala, sina hata moja ya kumpa. Maeneo namba 1 hadi 5 hufungwa Julai hadi Septemba kwa ajili ya mvua. Yakifunguliwa Oktoba nitakata kibali mwenyewe kwenye tovuti ya serikali ya Rajasthan, kwa jina langu, namba 3. Tofauti ya bei ya jipsi na kenta hawajanirudishia mpaka leo, na ujumbe wangu wanausoma bila kujibu.