TAHADHARI: Kuna kishoka anapita Dodoma na Singida na mashine ya "kompyuta", anaondoka na kabureta zetu

Ndugu zangu mlioko Dodoma, Kondoa, Kongwa, Manyoni na Singida, naomba msome hii na mumfikishie yeyote mwenye Land Rover ya zamani, Peugeot 504, Datsun, au gari lolote la kabureta (kile kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa). Kuna mtu anazunguka kupima injini zinazotetemeka. Mimi amenipiga shilingi 580,000 na ameondoka na kabureta aliyoniachia marehemu baba. Wenzangu wawili yamewakuta hayo hayo.

Gari langu ni Land Rover 109 Series III ya mwaka 1976, injini ya petroli ya cc 2,286. Ndilo linalonitolea zabibu shambani Hombolo. Mwezi wa tatu, katikati ya mavuno, likaanza kusumbua sailensi, yaani injini inapozunguka taratibu bila kukanyaga mafuta. Ukisimama kwenye taa, boneti linacheza, usukani unatikisika mkononi, mara linazima. Lakini ukikanyaga mafuta linatulia na kwenda kama kawaida, mzigo linabeba, mlima linapanda. Shikeni jambo hilo, maana jibu lote lilikuwa hapo.

Nilipewa namba ya huyu jamaa na kijana mmoja nilipokwenda kuulizia spea. Alifika nyumbani siku hiyo hiyo, ovaroli safi, begi gumu la plastiki, maneno ya upole. Akafungua begi, akatoa mashine yenye kioo, akabana nyaya mbili kwenye betri, moja chanya, nyingine hasi. Akabonyeza bonyeza. Kioo kikaandika kwamba silinda namba tatu kompresheni (nguvu ya kubana hewa) ni asilimia 41. Nilipiga picha kioo kile kwa simu yangu, na ninashukuru nilipiga.

Kisha akasema anasafisha plagi. Akazifungua zote nne, akaenda nazo nyuma ya gari kwenye begi lake, akarudi akazifunga. Akawasha, akaanza kuchomoa waya wa plagi moja moja. Namba moja, injini ikashuka. Namba mbili, ikashuka. Namba tatu, haikubadilika hata kidogo. "Umeona mwenyewe kaka? Hii silinda imekwisha."

Kipimo hicho cha kuchomoa waya ni cha kweli. Mafundi wote wazuri wanakitumia: ukichomoa waya na mlio usibadilike, silinda hiyo ilikuwa haifanyi kazi. Ndiyo maana niliamini. Nilichosahau kujiuliza ni kwa nini haifanyi kazi.

Akanipa njia mbili. Kufungua injini, milioni moja na laki nane. Au kufunga kabureta mpya "ya Uingereza yenyewe" ambayo ingeisaidia ile silinda ivute hadi nipate hela ya ovahoo, 520,000, na kabureta ya zamani anaichukua yeye kwa sababu "ni chuma chakavu". Nilikuwa na zabibu zinaiva shambani. Nikamtumia hela kwenye simu, pamoja na 60,000 ya kupima. Akafunga kabureta, akaondoka na ile ya baba kwenye mfuko wa rambo.

Kesho yake gari lilikuwa baya kuliko mwanzo. Sailensi ilikuwa haikai kabisa, na sasa hata likitembea linamisi. Nikapiga simu, akapokea mara moja akasema yuko Singida. Tangu hapo hapatikani.

Nililivuta gari hadi kwa mzee mmoja fundi pale Majengo, mtu aliyeanza na Land Rover kabla sijazaliwa. Nikamwamkia, nikamweleza. Swali lake la kwanza: "Mwanangu, lilipokuwa linatetemeka, mlima lilikuwa linapanda?" Nikasema ndiyo, na kreti za zabibu juu. Akasema basi hiyo silinda namba tatu ilikuwa nzima, maana gari la silinda nne likifa moja, mlimani lazima likuambie.

Akafungua plagi ya namba tatu, akaniwekea kiganjani. Ile ncha ya juu ilikuwa imegongwa ikalala juu ya ncha ya katikati. Hapakuwa na nafasi ya cheche kuruka, hata karatasi isingepita. Plagi hizo nilizifunga mwenyewe wiki mbili kabla, nikazipima nafasi ya cheche kwa fila (vile vibati vya kupimia upenyo), kila moja milimita 0.8. Sikumwona akiigonga, lakini baada yangu hakuna mkono mwingine ulioishika ila wake.

Mzee akafunga geji ya kompresheni. Plagi zote nje, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, stata inapigwa, sindano inapanda mbele ya macho yako. Nikaandika, kwa paundi (psi): 140, 136, 140, 138. Kinachoangaliwa kwanza ni tofauti kati ya silinda na silinda, na hapo hakuna tofauti ya kumnyima mtu usingizi. Alinifundisha pia kwamba hapa Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo geji inasoma chini kidogo kuliko Dar es Salaam. Mtu asije akakutisha kwa namba za kitabuni. Na kama silinda moja kweli iko chini, unamimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, angalia valvu au gasketi ya hedi. Hakuna kompyuta hapo.

Halafu ile "kabureta mpya". Mzee alishika shafti yake (mhimili wa kipepeo cha hewa) kwa vidole viwili, akaitikisa. Ikacheza kushoto kulia, tik, tik, tik. Kabureta mpya shafti yake haichezi namna hiyo, na ikicheza inavuta hewa pembeni na sailensi haitakaa sawasawa hata uzungushe skrubu mpaka kesho. Akakwangua rangi kwa ukucha, chini yake kutu nyeupe na alama za msasa. Ilikuwa kabureta chakavu iliyopigwa rangi na kutiwa kwenye boksi jipya.

Na ugonjwa wenyewe? Ulikuwa mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini), ule unaotoka kwenye manifoldi, bomba linalopeleka hewa na mafuta kwenye silinda, kwenda kwenye busta inayoongeza nguvu ya breki. Ulikuwa umepasuka chini ya klipu, mahali ambapo hupaoni bila kuukunja. Mzee aliweka plagi nyingine namba tatu, akawasha gari likiwa linatetemeka, akaubana ule mpira kwa koleo karibu na manifoldi. Injini ikatulia, ikabaki kucheza kidogo tu kwa sababu ya ile kabureta chakavu. Akaachia, ikaanza kutetemeka. Akabana, ikatulia. Nilisimama pale na koo limekauka. Mpira shilingi 9,000.

Sababu yake ni rahisi. Injini ikiwa sailensi inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo hewa ya wizi inayopita kwenye ufa inaharibu mchanganyiko wote. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inakuwa nyingi, ile ya wizi haionekani tena. Ndiyo maana gari linalotetemeka likisimama tu na kwenda vizuri njiani, kitu cha kwanza kuangalia ni mipira ya vakyumu na gasketi ya manifoldi, halafu plagi, waya, pointi za distributa (kile kigawa umeme wa plagi) na jeti ya sailensi kama imeziba vumbi. Na vumbi letu la huku mnalijua. Ovahoo iko mbali sana kwenye foleni hiyo.

Sasa kuhusu ile mashine. Mashine nyingi za kompyuta za kupima magari zinachomekwa kwenye soketi, mara nyingi chini ya dashibodi, zikasoma taarifa za kompyuta ya gari. Marekani walilazimisha soketi ya aina moja kwa magari ya kuanzia mwaka 1996. Land Rover ya 1976 ina distributa, koili na kabureta. Haina kompyuta, haina soketi, mashine haina wa kuongea naye. Mtu akibana nyaya mbili tu kwenye betri ya gari kama hilo, bila hata kupiga stata, akakusomea asilimia za silinda, anasoma alichokiandika mwenyewe.

Ushahidi ninao. Nilipoanza kuuliza, nikampata mama mmoja wa Kondoa mwenye Datsun pikapu na bwana mmoja wa Singida mwenye 504. Wote walipimwa, na yule bwana naye alipiga picha kioo. Tumezilinganisha. Silinda namba tatu, asilimia 41. Yule mama hakupiga picha lakini anakumbuka aliambiwa namba tatu. Magari matatu ya makampuni matatu, ugonjwa mmoja.

Jina lake siliandiki hapa kwa sababu nimeshatoa taarifa polisi na picha nimewapa. Wewe akikujia, usimruhusu aondoke na plagi machoni pako, dai geji yenye sindano, na kabureta yako ya zamani isitoke nyumbani kwako hata kama imekufa. Hizo za asili ndizo anazozitafuta. Anakuuzia chakavu, anachukua nzima.

Kabureta ya baba ni Zenith. Skrubu moja ya mfuniko wa juu ni ya shaba, tofauti na zenzake, kwa sababu ya asili ilipotea shambani na baba akatengeneza nyingine. Ubavuni kuna msalaba mdogo aliouchora kwa tupa. Ukiiona dukani, gerejini au mkononi mwa mtu, iwe Dodoma, Singida au popote, nitumie ujumbe hata usiku. Nitakuja kuinunua tena, sitauliza maswali kwa aliyeinunua bila kujua.