Uzoefu wangu na kifaa cha kusaka kebo za mtandao kwa mlio

Raki za jengo letu, yaani fremu za kufungia vifaa vya mtandao, zilikuwa zimejaa kebo za rangi moja, hazina lebo, wala mchoro wa aliyezifunga haukupatikana. Mtu akisema intaneti imekatika mezani kwake, hatukujua kebo yake inaishia wapi. Ndipo nikanunua kifaa hiki: kitumaji unakichomeka kwenye soketi ya ukutani, kipokezi unakipitisha juu ya kebo kule kwenye raki mpaka kilie.

Kazi kinaifanya, tena vizuri, lakini kinataka mkono. Kebo zikiwa zimebanwa fungu moja, mlio huvuja hadi kwa jirani, na unasikia nyingi zikilia kwa mpigo. Dawa ni kupunguza sauti ya kipokezi mpaka isikike kwa shida, kuzichambua kebo kwa vidole, kisha kugusa kila inayoshukiwa pale inapoingia kwenye paneli, ule ubao wa matundu ya kebo kwenye raki. Inayolia kwa nguvu kuliko zote ndiyo yenyewe. Kama soketi haijafungwa bado na unatumia vibanio vya kitumaji, usivibane vyote kwenye jozi moja, kwa sababu nyaya mbili zilizosokotwa pamoja hufifishana mlio. Kimoja kibane kwenye waya wa bluu, kingine kwenye wa kijani. Tofauti utaisikia hapohapo.

Kebo ikiwa imechomekwa kwenye swichi ya mtandao (kifaa kinachounganisha kompyuta) inayowaka, mlio wa analogi hufifia au hupotea kabisa. Ndiyo maana nafurahi nilichukua chenye hali ya kidijitali pia, maana katikati ya siku ya kazi huwezi kuchomoa watu ovyo. Chenu kama ni cha analogi tu, someni kwanza kijitabu chake kama kinavumilia PoE, yaani umeme unaopitishwa ndani ya kebo ya mtandao yenyewe. Swichi inayolisha simu na kamera hupitisha takriban volti 48 kwenye kebo.

Kinachonikera ni kipimo chake cha taa nane, moja kwa kila waya wa kebo. Taa zote zinaweza kuwaka kijani na kebo bado ikawa mbovu. Nimekuta kebo iliyofungwa ncha zote mbili 1-2, 3-4, 5-6, 7-8 kwa mpangilio wa jozi, wakati pini (mguso wa plagi) ya 3 na ya 6 ndizo zinazopaswa kutoka jozi moja. Taa hazikuona kasoro, kompyuta ikawa inakatika kila ikipakua faili kubwa. Jicho ndilo lililoigundua.

Lebo bandikeni mara tu kebo inapopatikana, ncha zote mbili, namba ileile. Sisi tunaandika ghorofa, raki na tundu: 2-B-14. Kufungia tumieni velikro, tai za plastiki zikikazwa sana huminya kebo.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye zile taa.