Brogue: Kuvuka Maji ya Kilindi na Mkoba Mgongoni

Assalaam aleikum watazamaji wangu, karibuni tena. Leo nimekaa barazani hapa Lamu, jua limeshalegea, na huo mngurumo mnaousikia nyuma yangu ni boti zinazorudi kutoka Mokowe. Sikutaka kuingia ndani, maana jambo la leo linahusu maji, na maji ndiyo hayo, hatua chache kutoka hapa nilipo.

Gemu yenyewe inaitwa Brogue. Sitaichambua yote. Nataka tukae kwenye kitu kimoja ambacho watu wengi hukipita haraka, nacho ni namna gemu hii inavyoshughulika na maji ya kilindi. Nimecheza gemu nyingi zenye mito na maziwa, na sijaona nyingine iliyoyaelewa maji kama hii.

Kwa ambao hawaijui: Brogue ilitengenezwa na Brian Walker, ikatoka 2009. Siku hizi wanaoitunza ni watu wa kujitolea, na toleo lao linaitwa Brogue Community Edition. Ni ya bure, inaingia kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaipakua huhitaji intaneti tena. Ni gemu ya aina ya roglaiki, yaani ukoo wa ile Rogue ya 1980. Wewe ni alama ya @, pango linaumbwa upya kila unapoanza, na ukifa umekufa, unarudi mwanzo. Unashuka ghorofa 26 kutafuta Hirizi ya Yendor, kisha unapanda nayo mpaka nje. Kama herufi zinakuchosha macho, bonyeza G upate picha. Mimi nabaki na herufi.

Sasa tazameni hapa. Hili eneo la buluu hafifu ni maji madogo, unapita bila tabu. Hili la buluu iliyokolea ndilo kilindi. Ukikanyaga hapa unaanza kuogelea. Huzami. Hakuna pumzi ya kuhesabu wala kufa maji. Kinachotokea ni kwamba kila zamu unayokaa kilindini, yaani kila hatua ya mraba mmoja au tendo moja, kuna nusu kwa nusu ya kitu kimoja kutoka mkobani kuchukuliwa na maji. Huchagui wewe. Inaweza kuwa mkate wa akiba, au ile hati ya uchawi uliyoibeba tangu ghorofa ya kwanza bila kuisoma. Lakini ulichokivaa hakiguswi. Deraya iliyo mwilini, upanga ulio mkononi, pete iliyo kidoleni, vyote vinavuka na wewe.

Piga hesabu kidogo. Zamu mbili majini, nafasi ya kutoka na mkoba mzima ni moja katika nne. Zamu tatu, moja katika nane. Zamu nne, moja katika kumi na sita. Kwa hiyo kabla ya kuingia, swali la kwanza ni upana: miraba mingapi? Watu wanasema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Hapa upana unauona kwa macho yako. Usichokijua ni kilicho chini, na hapo tutafika.

Nieleze kwa nini jambo hili limenigusa. Mjomba wangu amevusha mizigo kwa mashua tangu sijazaliwa. Nilipokuwa mdogo nikifuatana naye, kabla hajang'oa nanga alikuwa anapita kwenye kila mzigo anaushika kwa mkono. Kilichofungwa kwa kamba anakipita. Kilichowekwa tu anakitazama, kisha anamtazama mwenyewe, na mwenyewe anaelewa, anakwenda kukifunga. Hakuwa akisema neno. Mara ya kwanza nilipoona kwenye Brogue kwamba kilichovaliwa kinabaki na kilichobebwa kinakwenda, nilimkumbuka yeye pale pale. Aliyeandika sheria hii alijua kwamba maji huanza na kile ambacho hakikushikamana na mwili.

Gemu nyingine zinafanya vipi? Chukueni NetHack, ya 1987, mkongwe mwingine wa ukoo huu. Kule maji yanalowesha: hati zinafutika maandishi, dawa zinazimuliwa, chuma kinashika kutu. Kule unatafuta njia ya kuyashinda. Unasukuma jiwe kubwa lizibe dimbwi, unayagandisha kwa fimbo ya baridi, unavaa viatu vya kutembea juu ya maji, unaelea hewani. Na mkunga mkubwa wa NetHack akikuzonga kando ya maji anaweza kukuzamisha ukafa hapo hapo, hata ukiwa na afya tele. Ni utajiri mkubwa, nami naupenda. Ila kule maji ni kitasa, na wewe unahangaika na ufunguo. Brogue inakuachia mlango wazi na kukutajia bei.

Na kuna jambo moja ambalo nililijua baada ya kucheza muda mrefu. Pango la Brogue linapoumbwa, maziwa huwekwa kwa masharti kwamba yasiikate njia. Daima ipo njia kavu ya kuzunguka mpaka kwenye ngazi. Hutakwama ukingoni ukalazimika kuogelea. Hata ukibonyeza x ili mtu wako ajitembeze mwenyewe kuchunguza ghorofa, atazunguka, hatakanyaga kilindi. Ukiingia, umeingia kwa kutaka.

Basi mtu ataingia kwa nini? Kwa sababu anafukuzwa.

Hapo ndipo penye utamu wa gemu hii. Viumbe wengi wa mle hawaingii kilindini. Goblini wanakuja kwa kundi, kuanzia ghorofa za juu kabisa, na kundi la goblini ndilo linalowaua wachezaji wapya kuliko kitu kingine nilichokiona. Mwendo wao ni sawa na wako, huwezi kuwakimbia kwa miguu. Lakini ukijitupa majini wanasimama ukingoni, kisha wanaanza kuzunguka. Kama ziwa lina upana wa miraba mitatu na kulizunguka ni hatua ishirini, umenunua hatua kumi na saba. Umezinunua kwa kitu kimoja au viwili vya mkobani. Kwangu mimi hiyo ni rahisi mno.

Lakini angalieni ni goblini gani. Wenye upinde watakupiga mishale ukiwa katikati. Na yule mchawi wao anayeita visu vya kizuka, visu vile vinaruka, maji hayavizuii. Ukimwona mchawi kwenye kundi, usidhani ziwa limekuokoa mpaka utoke machoni pake. Vilevile, kama una rafiki uliyemfungua minyororo akawa anakufuata, na haruki wala si wa majini, hatakuja nawe. Atazunguka peke yake, na huenda akakutana nao njiani. Nimempoteza rafiki mzuri hivyo, na iliniuma kuliko dawa zote zilizowahi kuelea.

Sababu nyingine ya kuingia ni moto. Nyasi kavu zikishika na wewe ukawaka, kilindi kinakuzima papo hapo. Hapo hakuna kuhesabu miraba, ruka tu.

Tuje kwa kilicho chini. Herufi e, mkunga. Sisi wa huku tunamjua mkunga wa kwenye mawe, ukitia mkono kwenye tundu lake unautoa na alama. Wa Brogue ana tabia ile ile. Anazama, humwoni, kisha anaibuka akiuma. Ana uhai wa 18, na wewe unaanza na 40. Kila akiuma anachukua kati ya 3 na 7. Anaogelea mara mbili ya mwendo wako, kwa hiyo usifikirie kushindana naye. Ukimjeruhi anazama, anajiponya haraka huko chini, anarudi mzima. Wanaoanza hukosea kwa kusimama ukingoni wakingoja aibuke wampige. Msifanye hivyo. Yeye hawezi kutoka kwenye maji ya kina, basi ondokeni. Acheni mraba mmoja mzima kati yenu na kilindi, na hana la kuwafanya. Mkipita kando ya ziwa msilolijua, tembeeni mbali na ukingo hata kama njia inarefuka.

Ghorofa za chini zaidi yupo kraken, dude kubwa la majini, uhai 120, pigo moja kati ya 15 na 20, na akikushika hakuachii uende. Ukifika huko, futeni habari ya kuogelea. Nimemaliza.

Kuna njia za kuvuka bila kulipa. Dawa ya kuelea hewani ni moja, ila mara nyingi unakuwa nayo hujaijua, kwa sababu dawa zinakuja bila jina, rangi tu. Fimbo ya kuruka ni nyingine, nayo naipenda zaidi: ya kiwango cha 2 inakurusha miraba 6 kwa mstari, na maziwa mengi unayavuka kwa pigo moja. Ukiwa nayo, kila ziwa linakuwa ngome yako.

Na kilichoelea hakijapotea. Hili wengi hawalijui, wanaona kitu kimekwenda wanashuka ngazi kwa huzuni. Subirini. Vitu vinasukumwa huku na huku kila zamu, na mara nyingi vinaishia maji madogo, vinatulia. Kama kitu kimebaki katikati na unakitaka sana, weka mkoba wako nchi kavu, kimoja kimoja, kila kimoja kinakula zamu, kisha ingia mtupu. Usiache hati juu ya nyasi, moto ukipita zinaungua.

Sasa lipo jambo nalitaka mwalione, halafu nitoe lawama zangu. Kuna mtego wa mafuriko, kibao kilichofichwa sakafuni. Ukikikanyaga maji yanapanda kutoka chini, yanajaa kilindi kabisa pale uliposimama, baadaye yanakuwa maji madogo, halafu yanakauka. Kujaa na kupwa ndani ya pango! Anayetaka kwenda kwenye magofu ya Takwa, kule kisiwa cha Manda, anajua kwamba mlango wa mikokoni unapitika maji yakijaa, na ukichelewa unakaa kwenye tope. Hapa ni kinyume, unangoja yapwe. Lakini kungoja ni kule kule. Kipo pia chumba chenye ufunguo juu ya kimeza na madimbwi ya mikunga kandoni. Ukiinua ufunguo, chumba kinafurika, na mikunga wanatoka madimbwini wanakuja mpaka ulipo. Kabla ya kuushika, hesabu hatua za kurudi mlangoni. Mimi huzihesabu mara mbili.

Lawama. Ya kwanza, rangi. Hapa barazani, mwanga wa jioni ukipiga kioo cha laptopu, buluu iliyokolea na giza la sakafu vinakaribiana mno. Nimewahi kuingia kilindini nikidhani ni kivuli. Ya pili, maji hayana mkondo. Vitu vinakwenda ovyo, leo kulia kesho kushoto, bila mwelekeo. Mtu aliyekulia huku anatazama ziwa akitafuta maji yanakoelekea, na hapati jibu. Wangeweka mkondo, mtu angejua asimame wapi kukidaka kilichomponyoka. Kwangu hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote, na ningeomba wanaoitunza gemu walifikirie. Ya tatu, hakuna anayekuonya mara ya kwanza kwamba mkoba utapukutika. Unajifunza kwa kupoteza.

Pamoja na hayo, nikiulizwa gemu gani ya kuanzia katika ukoo huu, nasema hii, na sitasita.

Haya, nilikuwa nimesimamisha mchezo, sasa naufungua tumalizie pamoja. Ghorofa ya 4. Goblini watatu kaskazini yangu, hakuna mchawi, mmoja ana upinde. Uhai wangu 19. Ngazi ziko ng'ambo ya ziwa hili. Upana, moja, mbili, tatu. Sioni e, ambayo haina maana hayupo. Mkobani nina chupa nne, hati tatu na chakula. Deraya nimevaa. Muda wa kuweka vitu chini sina.

Bismillahi. Zamu ya kwanza, hakuna kilichotoka. Ya pili, hati imekwenda, ile nisiyoijua. Mshale umepita pembeni. Ya tatu, chupa ya waridi. Nimefika. Wawili wanazunguka ziwa kwa kushoto, mwenye upinde amebaki. Naingia nyuma ya ukuta huu, hanioni tena.

Ngazi ziko hatua tano kutoka hapa, nao wamebakiza kama kumi na mbili. Hati imekwenda upande wao, hiyo basi. Lakini tazameni chupa. Imesogea mraba mmoja kuja huku. Nangoja zamu mbili, zisizidi. Moja. Imegeuka, imerudi nyuma. Mbili. Imekuja tena, imeingia maji madogo, iko hatua moja kutoka mkononi mwangu, na goblini wa mbele ameshatokea pembeni ya jiwe lile. Naichukua. Nashuka.