Programu za duka kwa kuburuta vitufe: zana gani uchukue kama wateja wako wako Mwanza

Wadau, swali hili naulizwa sana na vijana wa hapa mjini wanaotaka kutengeneza programu za kompyuta, sio za simu, zile za kukaa kwenye kompyuta ya kaunta kwenye duka la hadwea Buzuruga au duka la dawa Igoma au kwa mama anayeuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni Kirumba. Wote wanaanza na "zana ipi kali?" wakati cha kuanza nacho ni kompyuta ya mteja ikoje. Mteja hajui wala hajali umetumia nini, yeye ananunua lile faili unalomletea kwenye flashi, na lile faili linatakiwa lifunguke kwenye kompyuta yake iliyotumika, RAM 4GB au 2, Windows 7 au 10, hakuna intaneti, umeme unakatika saa yoyote. Zana ikishindwa hapo imeshindwa, hata ikiwa nzuri kiasi gani kwenye video za YouTube.

Kwa hiyo huu mpangilio wangu nimeupanga kwa kipimo hicho, pamoja na leseni, manake wengi hawasomi leseni mpaka siku wanapoanza kupata hela.

Kwa wasiojua nazungumzia nini: ni zile zana ambazo unafungua fomu tupu, unaburuta kitufe, kisanduku cha kuandikia, jedwali, unakiweka unapotaka, halafu unakliki mara mbili unaandika mistari ya nini kitokee mtu akibonyeza. Mtindo huu ulienea sana na Visual Basic ya Microsoft iliyotoka 1991. Ya mwisho ya ukoo ule, VB6, ilitoka 1998 na Microsoft waliacha kuihudumia zana yenyewe 2008, kwa hiyo mtu akitaka kukuuzia VB6 kwenye flashi leo usitoe hata elfu tano yako. Na za kukraki vilevile, iwe Delphi au nyingine yoyote, achana nazo kabisa, unaingiza vairasi kwenye kompyuta yako halafu unawabebea wateja wako wote, na siku biashara ikikua huna leseni ya kuonyesha. Za bure halali zipo na ni nzuri, tena ya kwanza kwangu ni ya bure.

1. Lazarus

Hii ndio namba moja na wala sio kwa sababu ya bure peke yake. Lazarus inatumia lugha ya Pascal kupitia Free Pascal, mradi ulianza 1999, toleo la 1.0 likatoka 2012 na mpaka leo inapata apdeti. Faili la kuinstolia ni la MB mia kadhaa tu, sio GB, kwa hiyo bando la kawaida linatosha, na ukishaliweka kwenye flashi unainstoli popote bila mtandao. Laptopu ya RAM 4GB inaibeba bila kulalamika.

Inachotoa ni faili la exe linalojitegemea. Mteja hainstoli kitu kingine pembeni, hakuna Java, hakuna nini, unakopi anafungua, na Windows 7 inalikubali. Ila jua kwamba exe yako ya kwanza itakuwa nene, MB ishirini na kitu hata kama fomu ina kitufe kimoja, watu wanaona hivyo wanaikimbia wakidhani ndivyo ilivyo. Ule unene ni taarifa za kutafutia makosa, nenda Project Options uzizime na faili linashuka mpaka MB chache.

Chukua mfano wa huyo mama wa dagaa. Anapokea magunia kutoka visiwani, anauza kwa gunia na kwa kilo, anakopesha watu, jioni anataka kuona nani anadaiwa shilingi ngapi. Data zake unaziweka kwenye SQLite, databesi inayokaa kwenye faili moja. Kwenye Lazarus unaburuta komponenti za TSQLite3Connection, TSQLTransaction, TSQLQuery, TDataSource na TDBGrid, unaziunganisha kwa kuchagua majina tu kule kwenye Object Inspector, lile dirisha la kupangia sifa za kila kitu, unaweka Active iwe True na majina ya wadaiwa yanatokea kwenye jedwali pale pale kabla hata hujaiwasha programu. Kwa anayejifunza hilo jambo lina nguvu sana, unaona matokeo ya unachofanya dakika hiyo hiyo.

Kuna sehemu mbili hapo wanaoanza wanakwama mno, nazisema wazi. Ya kwanza ni sqlite3.dll, faili la maktaba ya SQLite, lazima iwepo karibu na exe na lazima zilingane, exe ya biti 32 inataka dll ya biti 32 na ya 64 inataka ya 64, zikitofautiana itakuambia haiwezi kupakia maktaba ya SQLite na utahangaika unatafuta kosa kwenye mistari yako wakati mistari haina kosa. Ya pili, ukiandika deni jipya linaonekana kwenye jedwali vizuri tu, unafunga programu, ukifungua deni halipo! Ni kwa sababu hukuita ApplyUpdates na kisha CommitRetaining, jedwali lilikuwa linaonyesha kilichopo kwenye kumbukumbu lakini kwenye faili hakijaandikwa. Kwenye biashara ya mikopo kosa hilo ni la hatari, lijaribu mapema kabisa, weka rekodi, funga, fungua, angalia.

Uzuri wa SQLite kwa mazingira yetu ni kwamba muamala unaandikwa wote au hauandikwi kabisa, umeme ukikatika katikati unarudi ulipokuwa kabla, hupati nusu rekodi. Hii peke yake ni sababu ya kuipenda.

Leseni yake inakuruhusu kuuza programu yako bila kutoa mistari yako kwa mtu yeyote na hulipi chochote. Ubaya upo: fomu zake zina sura ya kizamani kidogo usipozipamba, maelezo ya kujifunza yametawanyika na Kiswahili karibu hakuna, na madirisha ya zana yenyewe kwenye matoleo mengi yanafunguka yametapakaa kwenye skrini mpaka uweke AnchorDocking, nyongeza inayoyakusanya kwenye dirisha moja. Kutoa ripoti za kuprinti nako kunataka subira. Lakini ukitaka kuhama Windows, mradi huo huo unautoa kwa Linux na macOS pia.

2. Visual Studio Community, upande wa WinForms na C#

Hii ni ya Microsoft, C# ndiyo lugha na WinForms ndiyo sehemu ya kuburuta fomu. Kama una laptopu yenye nguvu inaweza kuwa ya kwanza kwako, mimi naiweka ya pili kwa sababu ya uzito tu. Visual Studio 2022 kwenye mahitaji yake imeandikwa RAM ya chini 4GB lakini wao wenyewe wanapendekeza 16, na kuinstoli kwa kawaida kunakula GB 20 mpaka 50 za diski. Kwa bando la simu hilo ni jambo la kukaa chini na kupiga hesabu. Njia ni hii: tafuta sehemu yenye waifai ya uhakika, chukua faili la kuinstolia uliendeshe na neno --layout, linashusha vitu vyote kwenye folda moja, ile folda unainstolia kompyuta nyingine bila intaneti, mkiwa watu watatu wanne mnachangia gharama mara moja tu. Na usitie tiki kila kitu, chagua lile fungu la programu za deskitopu za .NET (ule msingi wa Microsoft ambao programu za C# zinauhitaji ili zifunguke) uishie hapo.

Kosa ninaloona linarudiwa na wengi ni kuchagua .NET mpya bila kufikiria mteja. Ukitengeneza kwa .NET 8, mteja lazima awe nayo, ama uifunge ndani ya programu na faili linavimba. Ukitengeneza kwa .NET Framework 4.8 kompyuta za Windows 10 zilizoapdetiwa na Windows 11 zinayo tayari, exe yako inakuwa ndogo sana na inafunguka moja kwa moja. Kwa programu ya duka 4.8 inatosha, usione aibu. Mwenye Windows 7 itabidi uende nayo kwenye flashi.

Leseni ya Community ni ya bure kwa mtu binafsi hata akiuza anachotengeneza, na ofisi ndogo inaruhusiwa watu hadi watano. C# pia inaajirika, kama una mpango wa kutafuta kazi Dar au Nairobi baadaye hiyo ni hoja nzito ya kuipandisha juu ya Lazarus. Ila WinForms ni ya Windows tu.

Kitu kimoja kinahusu zana zote: hela usiihifadhi kwenye namba za double, zile za desimali ambazo kompyuta inazikadiria. Kwenye C# tumia decimal, kwenye Pascal tumia Currency. Kilo mbili nukta tatu mara bei, ukijumlisha mauzo ya mwezi mzima kwa double vinaanza kutokea vipande vya ajabu mwishoni na mwenye duka akiona jumla haigongani na droo anakuona wewe ndio mwizi.

3. Delphi Community Edition

Kwa ubora wa zana yenyewe labda hii ndio bora kuliko zote hapa. Borland waliitoa 1995, aliyeibuni ni Anders Hejlsberg ambaye baadaye akaenda Microsoft akabuni C#, ndio maana ukitoka moja kwenda nyingine hushangai sana. Sasa iko chini ya Embarcadero. Inatoa exe safi kama Lazarus, kudizaini fomu kwake ni raha, komponenti zimekamilika.

Tatizo ni mlango wa kutokea. Toleo la bure unaruhusiwa mpaka mapato yafike dola 5,000 kwa mwaka, ukivuka hapo unatakiwa kununua toleo la kulipia ambalo linazidi dola elfu moja. Dola 5,000 kwa kijana mwenye wateja kadhaa wa hadwea na lodge sio mbali kama inavyosikika, ukipata kazi mbili kubwa umefika. Kwa hiyo piga hesabu kabla, sio baada. Faraja ni kwamba Pascal ni ile ile, programu iliyoandikwa kwa utulivu inahamia Lazarus kwa kazi ya kiasi, sio kuanza upya.

4. Python na Qt Designer

Kama tayari unajua Python usianze lugha mpya, chukua hii. Qt ni maktaba ya madirisha na vitufe, Python inaitumia kupitia PyQt au PySide6. Unadizaini fomu kwa kuburuta, inahifadhiwa kama faili la .ui, kisha mistari unaunganisha mwenyewe, haina ule ukaribu wa kukliki mara mbili ukaandika. Hapa leseni inang'ata: PyQt ni ya GPL (ukigawa programu unatakiwa kutoa na mistari yako) au ulipie, PySide6 ni LGPL (mistari yako inabaki yako). Anayetaka kuuza programu bila kutoa mistari yake achukue PySide6, matumizi yanafanana karibu kila kitu. Na Qt 6 haiendi Windows 7, hapo unawapoteza wateja kadhaa wa mjini na wengi zaidi ukivuka kwenda Sengerema au Ukerewe. Kuifunga na PyInstaller, zana ya kugeuza Python kuwa exe, kunatoa mzigo mkubwa, ukichagua faili moja inajifungua upya kila ukiiwasha kwa hiyo inachelewa, na antivairasi nyingine zinaishuku bure.

5. Microsoft Access

Naiheshimu kwa ripoti, hakuna hapa inayotoa ripoti ya kuprinti haraka kama hii. Kwa matumizi ya ofisi yako mwenyewe, saccos ndogo, shule, ni sawa. Kwa kuuza naiweka chini kwa sababu faili lake lina kikomo cha GB 2 na umeme ukikatika linaandika linaweza kuharibika, ukabaki unaomba Compact and Repair, amri yake ya kukarabati faili, ilikomboe. Mteja asiye na Access unampa Access Runtime, hiyo ni bure. Mwenye kuitumia hapa kwetu anunue UPS kwanza.

Zilizobaki nazipitia haraka. Xojo ni rahisi kujifunza na unaweza kuichezea bure lakini kutoa programu ya kumpa mteja ni kwa leseni, sioni sababu ya kulipa wakati Lazarus ipo. Gambas ni tamu kwa waliozoea Visual Basic ila ni Linux tu. NetBeans wengi mmefundishwa chuoni, dizaina yake ya Swing (fomu za Java) inafanya kazi, ile mistari yenye rangi inayogoma kuhaririwa inakera na mteja anahitaji Java, basi kama unayo mkononi maliza nayo mradi wako wa chuo.

Kabla hujaamua fanya jaribio hili, ni la bure: tengeneza fomu yenye kitufe kimoja na jedwali moja, ipeleke kwenye kompyuta ya mteja halisi, sio yako, na uiprinti risiti kwenye ile printa yake ya karatasi ya milimita 58 au 80. Windows inaweza kutoa onyo kwamba programu haijulikani kwa sababu haina sahihi ya kidijitali, muonyeshe mteja mapema namna ya kuendelea ili asije akapiga simu usiku. Faili la kuinstolia tengeneza na Inno Setup. Na umwambie mwenye duka wazi kwamba risiti ya programu yako sio risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ya TRA inabaki pale pale.

Ikiwa mteja ana kompyuta mbili, mfano lodge yenye mapokezi na ofisi ya meneja, hesabu inabadilika. Usiweke faili la SQLite kwenye folda la kushea mkaandika wawili, linaweza kuharibika. Weka Firebird au PostgreSQL, databesi za kuhudumia kompyuta nyingi kwa pamoja, kwenye kompyuta moja. Lazarus inaunganika na zote mbili bila kulipa, C# nayo kwa maktaba za bure, wakati Delphi ya bure imewekewa mipaka kwenye databesi za mbali. Kwa kazi ya namna hiyo Lazarus na Visual Studio zinabaki juu, Delphi inashuka chini ya Python, na Access mimi siigusi.