Bloki ya Chuma au ya Alumini? Chaguo Langu kwa Mwenye Gari la Zamani Nakuru na Kisumu

Gari la zamani likihitaji bloki nyingine, yaani mwili mkuu wa injini wenye silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka, usianze na nguvu ya injini. Uliza kwanza nani ataichonga ikichakaa, na itastahimili vipi siku gari litakapochemsha. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Kisumu inazidi kupanda hadi Mau Summit ndipo iteremke Kericho. Kwenye urefu huo maji yasiyo na presha huchemka kabla ya nyuzi 95. Kifuniko cha radieta kikichoka, na umekwama nyuma ya lori pale Salgaa, mshale wa joto unapanda upesi kuliko unavyodhani. Hilo ndilo nililolitumia kupanga chaguo hizi.

Namba moja: bloki ya chuma, hedi (sehemu ya juu ya injini yenye vali) ya alumini. Hapa kuna Peugeot 504, Toyota za injini ya K, na Datsun za injini ya L, ukoo ulioshinda Safari Rally mwaka 1970 kwa 1600 SSS, kisha 1971 na 1973 kwa 240Z. Bloki haipindi ovyo, na hedi ya alumini inapunguza uzito kwa mbele. Datsun au Toyota ikila silinda, unaipeleka riboo, silinda ichongwe upya iwe pana kidogo, na kuweka pistoni za ovasaizi, kubwa kuliko za awali kwa 0.25 au 0.50 mm, na mafundi wa kazi hiyo wapo Nakuru na Kisumu.

Ile ya 504 ina jambo lake, na naipenda kwa sababu hiyo. Slivu zake, yaani mirija ambamo pistoni hutembea, zinazungukwa na maji na zinachomolewa, kwa hiyo hakuna riboo: unanunua slivu na pistoni kwa seti, unazipachika. Lakini simama karibu na fundi wakati huo. Kila slivu lazima ichomoze kidogo mno juu ya uso wa bloki, zote kwa kiwango kimoja, ndipo gasketi ya hedi ibane sawasawa. Moja ikizama, utaanza kuona maji kwenye oili, imekuwa kama chai ya maziwa.

Namba mbili: chuma kitupu, bloki na hedi. Land Rover ya lita 2.25 na Ford Escort za injini ya Kent. Vyote viwili vinapanuka sawa, gasketi haisuguliwi. Ni nzito, na hedi ya chuma ikipasuka katikati ya vali, si kila mchomeleaji anaiweza, maana yataka ipashwe moto kwanza na ipozwe taratibu. Kwa gari la shambani Molo au Njoro, ningeipandisha iwe ya kwanza bila kusita.

Namba tatu: alumini, iwapo gari lilizaliwa nayo. Mfano ni Range Rover ya zamani yenye V8 ya lita 3.5. Alumini ina uzito wa kama theluthi moja ya chuma kwa ujazo uleule, na inasambaza joto vizuri zaidi. Ila inapanuka karibu mara mbili ya chuma, na slivu zake ni za chuma. Ikichemsha sana, slivu zinaweza kulegea ndani ya bloki, na thredi za boliti za hedi kung'oka.

Adui wake mwingine ni maji. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, yana floraidi na chumvi nyingi, nayo alumini huliwa polepole kutoka ndani. Weka kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi, na uibadilishe kwa wakati. Nakusihi usiing'oe V8 hiyo ili uweke ya chuma; gari litapoteza sifa yake.

Namba nne: alumini ya kisasa, kama Toyota 1NZ. Zinapatikana kila mahali. Lakini slivu ni nyembamba, alumini ya bloki imemwagwa kuzizunguka, na kiwanda hakikuzitengeneza kwa riboo. Ikichakaa, unatafuta nyingine. Ongeza waya na kompyuta ndani ya gari la kabureta, na sioni faida yake.

Kabla ya kulipa, beba sumaku, kwa kuwa rangi huficha: ikinata ni chuma. Omba hedi ifunguliwe, laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya bloki, kona kwa kona, upitishe filagaji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake. Kwa injini nyingi kikomo cha mwanya ni kati ya 0.05 na 0.10 mm. Tazama pia plagi za maji, vile vifuniko vidogo vya duara, ubavuni. Kutu ikitiririka hapo, bloki ilikuwa ikinyweshwa maji matupu.

Mwisho, soma namba iliyogongwa kwenye bloki yenyewe. Iliyosagwa au kugongwa upya, iache hapohapo. Iliyo safi, dai risiti yenye namba hiyo, kwa kuwa logibuku italazimika kubadilishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.