Wikiendi ya Charleston: jikoni za Wagullah, ngome na gati la watumwa. Uzoefu wangu

Ukienda Charleston, South Carolina, kwa wikiendi moja, ingia mjini Ijumaa mchana, si Ijumaa usiku. Jikoni za Wagullah, wazao wa watumwa wa pwani ile, zinazopika chakula halisi cha huko hufanya kazi mchana. Hufungua kama saa tano asubuhi, masufuria yakiisha zinafunga, na kadhaa hazifungui Jumapili, nyingine hata Jumamosi. Anayefika usiku huishia kwenye migahawa ya watalii ya mitaa ya King na East Bay, analipa mara mbili, kisha anarudi akisema chakula cha Kusini mwa Marekani ni mafuta matupu. (Saa zote humu nahesabu kwa Kiswahili: saa tatu asubuhi ndiyo 9:00 ya simu yako.)

Kutoka Atlanta ni kilomita kama 480, barabara ya I-20 hadi Columbia kisha I-26, mwendo wa saa tano. Kutoka Charlotte ni saa tatu na nusu. Ukiondoka Atlanta saa kumi na mbili alfajiri utakula mchana Charleston, na utakuwa umekwepa foleni ya I-26, ambayo Ijumaa jioni hukaza karibu na mji.

Mlo wa kwanza uwe Bertha's Kitchen, kule North Charleston kwenye Meeting Street Road, jengo la buluu. Mwaka 2017 mgahawa huu ulipewa tuzo ya James Beard ya migahawa ya asili ya Marekani, lakini mambo yake bado ni yaleyale: foleni, sahani ya kubeba, nyama moja na vitoweo vya pembeni. Agiza supu ya bamia. Bamia inapikwa na nyanya na maharage, na mtu wa pwani ya kwetu ataitambua kabla ya kuonja. Iliyopikwa vizuri haivuti kama mlenda, kwa sababu nyanya zimeingia mapema na ukali wake umekata utelezi. Mahali pengine bamia hutupwa mwishoni, na huko supu inanyooka kama uzi kutoka bakulini hadi mdomoni.

Kando yake chukua wali mwekundu. Mchele unakaangwa kwenye mafuta na vitunguu na nyanya ya kopo, kisha unafunikwa na kuingizwa kwenye oveni. Kosa la kawaida ni mpishi kusahau kwamba maji ya nyanya nayo ni maji ya kupikia, ndiyo maana sehemu nyingi unakuta bokoboko jekundu. Uupime kwa kijiko: punje ziachane, na juu pawe na ukavu kidogo. Ukiona kwenye ubao neno "perloo", lisome "pilau", maana ndilo hilohilo lililopita njia nyingine. Ni wali uliopikwa ndani ya mchuzi wa kuku au kamba, bila viungo vyetu vya iliki na mdalasini.

Kwa wasiokula nguruwe, shikeni hili vizuri. Usiulize kama mboga ina nyama. Kusini, kipande cha nguruwe wa moshi kinachochemshiwa mboga kinahesabika kama kiungo, kwa hiyo mhudumu atakujibu kwa moyo safi kwamba hakuna nyama. Mtaje nguruwe kwa jina, na uulize mambo matatu: kimechemshiwa na nini, kimekaangiwa mafuta gani, na mchuzi wa juu una nini. Majani ya collard, ambayo kwa Mkenya ni sukuma wiki tu iliyochemshwa saa nzima na zaidi badala ya kukaangwa dakika chache, mara nyingi yana mguu wa nguruwe. Jikoni nyingine hutumia bata mzinga wa moshi, na ladha haipungui. Wali mwekundu huwa na bekoni au soseji. Kamba na grits (mahindi ya chenga yaliyopikwa kama uji mzito) huja na mchuzi wa bekoni. Supu ya kaa jike humaliziwa na sherry, ambayo ni pombe. Mwenye mzio wa karanga naye aulize mafuta ya kuku, kwa kuwa wapo wanaokaanga kwa mafuta ya karanga.

Alasiri ya Ijumaa nenda Old Slave Mart Museum, mtaa wa Chalmers namba 6. Jumapili hakufunguliwi, na mlango unafungwa saa kumi na moja jioni, basi fika saa tisa. Mwaka 1856 mji ulipiga marufuku kuuza watu hadharani barabarani, biashara ikahamia ndani, na jengo hili la mwaka 1859 lilikuwa ukumbi wa mnada. Ndani ni padogo, vitu ni vichache, maandishi ni mengi. Anayetaka kupiga picha na kupita atatoka baada ya dakika kumi na kuona hela yake imepotea. Anayesoma atahitaji saa nzima, na atatoka amejua jinsi watu walivyolishwa, walivyopakwa mafuta na kuvishwa nguo mpya siku chache kabla ya mnada ili bei ipande. Vaa viatu bapa, mtaa wenyewe ni wa mawe ya mviringo na kifundo cha mguu huteguka hivi hivi.

Kutoka hapo hadi City Market ni dakika chache kwa miguu. Utasikia watu wakiliita soko la watumwa. Silo, liliuza nyama, samaki na mboga. Kilicho cha maana pale ni vikapu vya Wagullah. Hawa ni wazao wa watumwa wa mashamba ya mpunga na pamba ya visiwa, waliotunza lugha yao na mapishi yao. Kikapu kinasukwa kwa kuzungusha: fungu la nyasi tamu, matete na sindano za msonobari linazungushwa juu ya lenzake na kushonwa kwa ukanda mwembamba wa jani la mnazi-pori wa huko. Chombo cha kutobolea ni mpini wa kijiko uliokatwa na kunolewa. Geuza kikapu utazame kitako: mshono uwe umebana, usione mwanga kati ya mizunguko, na rangi za kahawia zitokane na matete na msonobari, si wino. Kidogo kabisa kinaweza kupita dola 50, vikubwa ni mamia. Usianze kupatana bei kama uko Kariakoo, mzunguko mmoja una kazi ya muda mrefu. Na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Umbo la kwanza la vikapu hivi lilikuwa ungo wa kupetea mpunga, na hapo ndipo safari nzima inaposhikana. Utajiri wa Charleston ulitokana na mpunga, na waliojua kuulima, kuutwanga kwa kinu na mchi na kuupeta ni Waafrika walioletwa kwa nguvu. Ukila kwanza kisha ukatembelea majumba, unayaona majumba kwa jicho jingine. Ndiyo maana siwashauri watu waanze na ziara ya farasi mbele ya nyumba za rangi rangi.

Jumamosi panda boti ya kwanza kwenda Fort Sumter, ngome ya bandarini. Tiketi inazidi dola 30 kwa mtu mzima, safari nzima ni saa mbili na robo hivi, na nusu saa ya kila upande ni ya majini. Boti zinatoka Liberty Square mjini, na nyingine Patriots Point ng'ambo ya daraja. Soma tiketi yako, kwa sababu wapo wanaosimama gati lisilo lao hadi boti inaondoka. Faida ya boti ya kwanza ni kwamba askari wa hifadhi huwaomba abiria wasaidie kupandisha bendera, na jua halijawa kali. Risasi za kwanza za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, Kaskazini dhidi ya Kusini, zilipigwa hapa tarehe 12 Aprili 1861. Kuta zilikuwa za ghorofa tatu, leo imebaki moja, nyingine zilisagwa na mizinga ya Kaskazini. Usiishie kwenye mizinga na duka. Zunguka ukuta wa ndani, utazame matofali kwa karibu, utaona makombora yamezama ukutani na hayajatolewa mpaka leo. Ukiwa kwenye bandari hiyohiyo kumbuka Robert Smalls, mtumwa aliyeiongoza meli ya Planter usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, akapita ngome hii huku akitoa ishara sahihi ya filimbi, akajikomboa pamoja na familia yake. Baadaye akawa mbunge wa Marekani.

Mchana kula wali wa kaa Hannibal's Kitchen, upande wa East Side. Nyama ya kaa inakaangwa na vitunguu na pilipili hoho kisha inachanganywa na wali. Ni chakula cha mtu aliyetoka kazini, kinashibisha, na bei yake haina mzaha wa kitalii. Piga simu kwanza uhakikishe wamefungua, na uulize kuhusu bekoni.

Saa nane nenda International African American Museum. Tiketi ni za muda maalumu, zinunue mapema mtandaoni. Jumatatu wamefunga. Makumbusho yalifunguliwa Juni 2023 juu ya gati la Gadsden, mahali pa kushushia shehena za watu kabla sheria haijafunga uingizaji wa watumwa tarehe 1 Januari 1808. Jengo limeinuliwa mita nne kwenye nguzo ili ardhi yenyewe isijengwe. Nguzo zimepakwa zege la maganda ya chaza, ndugu wa chokaa ya matumbawe ya Lamu na Kilwa. Chini yake, bila kulipa, kuna bustani, na sakafuni zimechorwa sura za miili iliyolala ubavu kwa ubavu kama katika mchoro maarufu wa meli ya watumwa. Maji yanapanda yanazifunika, kisha yanashuka. Subiri mzunguko mmoja uishe kabla ya kupanda juu. Kwa ndani tenga saa tatu. Ninachokosoa ni kelele: maonyesho ya video mlangoni yanagongana na yale ya chumba kinachofuata, na ukiwa na mzee asiyesikia vizuri, mkae kwenye vyumba vya pembeni.

Jioni tafuta kamba na grits. Grits ni mahindi yaliyosagwa chenga, uzito wake uko kati ya uji na ugali laini. Za kweli ni zilizosagwa kwa jiwe: kikombe kimoja kwa vinne vya maji, moto mdogo, saa nzima ya kukoroga. Utaziona zina vidoa na chenga ndogo ulimini. Zikiwa nyeupe pe na laini kama gundi, hizo ni za pakiti za dakika tano, na bei ya sahani haikustahili. Kamba nao wana dalili yao: aliyeiva sawasawa amejikunja nusu duara, aliyefunga duara kamili amepita na atakuwa kama mpira. Uliza kama ni wa South Carolina, wale wadogo watamu, au ni wa barafu kutoka ng'ambo. Kuanzia Oktoba hadi katikati ya Mei kuna chaza pia. Wanamwagwa kwenye bati juu ya moto, wanafunikwa gunia bichi, mvuke unawafungua. Vaa glavu mkono unaoshika ganda, kisu kiingie kwenye bawaba na kisukumwe mbali na kiganja.

Bili inakuja na kodi ya kama asilimia 11, na bakshishi ni asilimia 18 hadi 20, basi sahani ya dola 25 hesabu 32 au zaidi. Katikati ya mji mabasi ya DASH ni bure, gari liache kwenye maegesho ya ghorofa. Angalia na jedwali la maji: siku za bamvua, kipimo cha bandari kikifika futi 7, mitaa ya karibu na soko hujaa maji ya chumvi hata bila mvua, na maji hayo yanakula breki. Juni hadi Agosti joto linachosha, Agosti hadi Oktoba ni kilele cha msimu wa vimbunga. Machi hadi Mei na Novemba ndiyo miezi yangu, ingawa usubi wa majira ya kuchipua unauma kupita mbu, jipakeni dawa.

Jumapili asubuhi malizia McLeod Plantation, James Island, dakika kumi na tano kutoka mjini. Kati ya mashamba yote ya eneo hili ndilo ninalolipatia alama za juu, kwa kuwa ziara inaanzia kwenye vibanda vya watumwa, na jumba la bwana linakuja baadaye. Vibanda hivyo vilikaliwa na watu hadi mwaka 1990. Middleton Place ina bustani kubwa na tiketi ghali, inamfaa mpenda maua mwenye siku ya ziada. Kwenye majengo ya matofali ya zamani, hapa na mjini, pitisha jicho taratibu kwenye kuta. Kuna matofali yenye vishimo vya vidole, yaliyoshikwa yakiwa mabichi na watumwa waliokuwa wakiyageuza juani. Weka kidole chako juu ya alama. Nyingine ni ndogo, za watoto.

Kabla ya kurudi I-26 nunua karanga za kuchemsha kwenye vibanda vya barabarani. Zinachemshwa na maganda yake kwenye maji ya chumvi kwa saa kadhaa, na Mkongomani atafurahi kusikia kwamba watu wa Kusini bado wana neno "goober", lililotoka kwenye nguba ya Kikongo. Chukua mfuko mdogo, uweke kwenye kikasha cha barafu. Ukiuacha kwenye gari lenye joto hadi kesho yake, zitakuwa zimechacha.