Kifuniko kinateleza vizuri, kioo wamekiua

Nianze na onyo. Ukiwa na perspeksi, ile plastiki ngumu inayopenya mwanga kama kioo, ya kufunga kwenye boti, usikubali mwenye karakana hii aishike drili. Jina sitaji. Wako Mtwara mjini, kazi yao kubwa ni madirisha ya alumini na mageti, na wakisoma hapa watajijua.

Boti yetu tumeiunda wenyewe uani Mikindani, mimi na kaka yangu, plaiwudi na faiba. Kibanda cha nahodha tulitaka kiwe na kifuniko cha kioo cha kusukuma kuelekea tezi, yaani nyuma, ili kusi likivuma na maji yakirushwa tujifungie, na bahari ikitulia tufungue. Wazo lilitoka kwenye ndege. Kaka yangu anawafuatilia sana Wamarekani wanaojiundia ndege nyumbani, zile RV za Van's Aircraft wa Oregon. Baadhi yake zina kifuniko cha namna hiyo: fremu ya bomba la chuma, rola za pembeni kila moja kwenye reli yake, na reli nyingine katikati, nyuma ya viti. Tukaiga umbo lote, tukachomelea fremu, tukaagiza perspeksi kutoka Dar kwa pesa ya korosho. Ile perspeksi ilisafiri kwenye buti la basi ikiwa imefungwa blanketi, ikashuka haina hata mkwaruzo. Kumbuka hilo.

Sasa reli. Hapa lazima niwe mkweli, maana hasira zisinifanye nimdhulumu mtu. Kuna fundi kijana pale karakana, mpole, haongei sana. Alikuja mpaka nyumbani kufunga reli, na sijaona mtu anayepima vile. Pima maji hakuigusa. Boti iko juu ya magogo, imelalia upande, pima maji ingemdanganya tu. Alivuta uzi kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi juu ya mstari wa mkuku, ule uti wa chini wa boti, akapima kila reli kutoka kwenye uzi: mbele, katikati, nyuma. Kisha akapima kona kwa kona. Akagundua reli ya kushoto inaingia ndani huku nyuma, milimita chache tu, akasema ndiyo maana kifuniko kinakwenda vizuri halafu kinakwama kabla hakijafika mwisho. Akalegeza nati, akachomeka washa, kile kipete chembamba cha chuma, chini ya reli, akasukuma, akasikiliza, akatoa washa moja, akasukuma tena. Fremu nayo ilikuwa imejikunja kidogo kwa sababu ya uchomeleaji. Aliinyoosha taratibu, kidogo kidogo, akirudi kuijaribu kila mara. Akaniambia, "Dada, kioo kisifungwe mpaka fremu ikae yenyewe. Ukikifunga kwenye fremu iliyopinda, kioo ndicho kitakachobeba huo upindo." Wanaojiundia ndege hufanya hivyo hivyo, fremu kwanza, kioo baadaye, na huyu kijana hajawahi kuiona hata picha ya ndege hizo.

Leo kile kifuniko unakisukuma kwa kidole kimoja. Hakilalamiki. Kwa kazi ile ningempa kila sifa niliyonayo.

Halafu akaja bosi wake.

Alikuja siku ya kufunga kioo, ana haraka, ana kazi ya geti mahali pengine. Akamsogeza kijana pembeni, akachukua drili yenye biti, ile ncha ya kutobolea, ya kawaida ya kutobolea chuma. Nikamwambia kwa heshima zote, "Bosi, samahani, hiyo biti itang'ata. Tuweke hata mbao chini." Biti ya kutobolea chuma kwenye perspeksi inakata vizuri mpaka inapokaribia kutokea upande wa pili, hapo inajivuta mbele kwa ghafla na kupasua. Biti za kutobolea plastiki zina ncha iliyochongoka zaidi na makali yake yamepunguzwa ili zikwangue, zisiuvute mwili wa kioo. Hili si siri. Akanijibu bila kunitazama, "Dada, plastiki hii, si yai."

Matundu ya mwanzo yakapita. Lililofuata likatoa mlio nisioupenda, ka! na ufa ukatoka kwenye tundu kuelekea ukingoni. Nilikuwa nimeinama pale pale, nikauona ukitembea.

Unajua alifanya nini? Alikaza skrubu. Akaikaza mpaka washa ya mpira ikafurika pembeni. Na tundu lenyewe lilikuwa saizi ileile ya skrubu, halina nafasi hata kidogo. Perspeksi hutanuka kwa joto karibu mara tatu ya alumini. Kipande cha mita moja, joto likipanda nyuzi 20, kinaongezeka zaidi ya milimita moja. Itakwenda wapi hiyo milimita, ikiwa kila skrubu imekibana? Hapa Mtwara, jua la mchana, kioo kiko wazi! Tundu linatakiwa liwe kubwa kuliko skrubu, ukingo upigwe msasa mpaka ulainike, skrubu ikazwe kwa vidole viwili. Wenzetu wa ndege husubiri siku ya joto au hupasha moto banda zima ndipo waguse kioo, maana kikiwa baridi hupasuka upesi. Sisi joto tunalo bure na bado kimepasuka.

Nikasema hayo. Kijana akawa anatazama chini. Bosi akaniambia, "Kama unajua kazi, kwa nini umeniletea?" Mbele ya kaka yangu, mbele ya watoto wa jirani. Nimelipa nusu tangulizi, kioo changu, uani kwangu.

Kaka akasema tuache, ufa mmoja unazuilika, na kweli kijana alitoboa kitundu kidogo kwenye ncha yake na hapo ukasimama. Nikaanza kupoa. Nilikuwa tayari kuandika kwamba karakana ni nzuri, ila omba kijana akufanyie yeye. Lakini bosi, kabla ya kuondoka, alichukua tambara lenye thina akafuta alama za penseli na mabaki ya gundi. Kioo kizima. Kioo kilichokunjwa juu ya fremu tayari kina mkazo ndani yake, ukikipaka thina unakimaliza. Perspeksi husafishwa kwa maji na sabuni laini, basi. Si thina, si petroli, si spiriti.

Baada ya siku kadhaa, jua la jioni likiwa chini, nikaiona mistari myembamba ya nyufa imejaa kuzunguka kila skrubu na kusambaa pale tambara lilipopita. Ukisimama mbele yake huioni. Ukikitazama kioo kwa ubavu kwenye mwanga, kinang'aa chote. Nahodha akilielekea jua la jioni na kioo kile, ataona nini?

Nilipompigia bosi akasema hizo ni nyufa za jua. Za jua! Perspeksi hii inakaa juani miaka kwenye ndege.

Basi msimamo wangu umebadilika. Usimpelekee bosi chochote, hata bawaba. Kijana akianza kazi zake mwenyewe nitampelekea boti nzima. Kioo kingine tunakitafuta, na safari hii kaka anataka tukibandike kwa gundi ya Sikaflex, kama baadhi ya waunda ndege wanavyofanya, tusitoboe kabisa.

Bosi bado anapiga simu kudai nusu iliyobaki. Hela ya reli nimeshamtumia, kwa sababu reli zimefungwa vizuri. Ya kioo hapati.